Muulize Mgonjwa Anakunywa Nini

Siku ya kuniaga walinikalisha kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe, wakanivisha taji la maua ya plastiki, halafu msichana mmoja wa ofisi akasimama akasoma kwamba Mama Ndinda amekuwa mpishi wa hospitali hii kwa miaka mingi na uji wake tutaukumbuka. Watu wakapiga makofi. Nilinyamaza kwa sababu keki ilikuwa bado haijakatwa. Lakini nilifika nyumbani na hasira ikafika na mimi, na mpaka leo haijapata njia ya kurudi. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Mimi sikuwa mpishi. Uji wa hospitali ulipikwa na watu wengine, na kama kuna mtu anaukumbuka, anaukumbuka kwa ubaya. Mimi nilikuwa nachemsha dawa. Nilichemsha dawa za Daktari Lin, yule Mchina, kwenye kile chumba nyuma ya wodi ya upasuaji. Zilikuwa za watu waliokatwa tumbo kwa sababu ya kansa, na wale waliokuwa wakiwekewa dripu ya kemo wakitapika mpaka wanashika ukuta. Nyinyi wasichana wa unesi mlioandikwa kazi juzi mnakijua hicho chumba kama stoo ya viti vilivyovunjika. Kwa hivyo naandikia nyinyi. Niliacha shule darasa la nne, msitafute koma mahali zinafaa kuwa. Mjukuu wangu anasomea unesi, na ndiye wa kwanza kwetu kuvaa zile sare. Alitaka kunirekebishia maandishi, nikamwambia arekebishe kwanza nywele zake.

Nilianza nikiwa mfagiaji wa wodi. Daktari Lin alikuja huku na kampuni ya barabara, akiwa daktari wa kambi yao. Barabara ikaisha, wenzake wakafunga mizigo, yeye akabaki kwa sababu hospitali ilimwomba asaidie wagonjwa wa kansa ambao walikuwa wanakimbia kemo. Walikuwa wanaikimbia kwa sababu ya kutapika. Mtu anatoka Mwingi amekuja dripu ya kwanza, ya pili humwoni. Ukimpigia simu anakwambia afadhali kansa.

Sista wa wodi aliniita asubuhi moja nikiwa na ndoo mkononi. Akasema, "Mama Ndinda, wewe huogopi kitu. Enda ukae na yule Mchina, anataka mtu wa moto."

"Moto wa nini?"

"Utajua huko."

Nilimkuta amesimama mbele ya sufuria mbili za alumini ambazo jikoni walimpa, anaziangalia kama mtu ameletewa viatu vya mguu mmoja. Akanionyesha sufuria, akatikisa kichwa. "Hapana hii. Udongo." Kiswahili chake wakati huo kilikuwa kifupi, na changu hakikuwa kirefu, kwa hivyo tulielewana haraka. Nikampeleka sokoni kwa wale akina mama wanaouza vyungu. Wakaanza kuchekana wakiuliza kama nimepata bwana mpya. Nikawaambia huyu hawezi mahari ya Ukambani, tuuzieni chungu twende.

Hivyo vyungu ndivyo vilikuwa kazi yangu. Nitawaambia vile vinatumika, maana hakuna mtu ameniuliza na najua hakuna mtu ataniuliza. Chungu kipya unakichemshia kwanza uji mwepesi, unaumwaga, ndipo udongo unaziba vitundu vyake. Dawa unailoweka kwa maji baridi mpaka ifure. Kulikuwa na ganda la chungwa lililokaushwa likawa jeusi, tangawizi, mizizi mitamu ya rangi ya manjano, vipande vyeupe kama chaki ambavyo ni namna ya uyoga, na vingine vilivyokatwa kama vijiti vya kuchokolea meno. Moto unaanza kwa nguvu, chungu kikichemka unapunguza makaa, unafunika, na huondoki. Maji ya kwanza unachuja unaweka kando. Unatia maji mengine, unachemsha tena, halafu unachanganya ya kwanza na ya pili. Mgonjwa anakunywa ikiwa vuguvugu, kidogo kidogo kama mtu anayeonja, kwa sababu huyo mtu tumbo amebakishiwa nusu, na wakati mwingine hajabakishiwa chochote.

Harufu ilikuwa inazunguka hospitali yote. Vijana wa maabara walisema napika viatu. Mchungaji wetu akahubiri juu ya moshi wa miungu ya mbali, akiwa ameniangalia mimi tu, kanisa zima likageuka. Jumanne yake mke wake akaja na kikombe chini ya leso, akasema tumbo linamsumbua na nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu. Nyinyi mnaambiwa kwa sababu wamehamishwa. Daktari Lin hakumpa hata tone. Alimtuma kwanza apigwe kamera ya tumboni, wakaona ni vidonda, akapewa vidonge vya hospitali, akapona, na mahubiri yakabadilika.

Hapo ndipo nilimjua yule mtu. Nilidhani atakuwa kama wale wa sokoni, wenye dawa moja ya magonjwa yote. Kumbe kila mgonjwa akimuuliza kama hiyo dawa ya Kichina inatoa kansa, alikuwa anajibu vilevile. "Kansa ni ya kisu na dripu. Mimi ni wa kutapika." Maana yake ni kwamba kukata na kuua kansa ni kazi ya hospitali. Yeye kazi yake ni mtu apate hamu ya kula, alale, ashike nguvu, asiikimbie dripu. Alikuwa na zile sindano zake nyembamba, na wagonjwa waliokataa sindano alinifundisha niwabonyeze mkono. Vidole vitatu kutoka kwa mkunjo wa kiganja kuja juu, katikati ya ile mishipa miwili migumu. Bonyeza na kidole gumba ukiongea na yeye mambo ya shamba. Si wote inawasaidia. Inasaidia wengi kuliko karai mnalowawekea na kwenda zenu.

Lakini kitu alichokuwa nacho kuliko sindano ni swali. Kabla ya kumpa mgonjwa chochote, anavuta stuli, anakaa chini kumliko, na anauliza, "Nyumbani unakunywa nini?" Halafu uso wake hausogei. Mtu akimwambia anakunywa mkojo wa ngamia, yeye anauliza, "Asubuhi ama jioni?" Wagonjwa walikuwa wanamwambia mambo ambayo hawajaambia bibi zao.

Mwenzake kwa hii kazi alikuwa Daktari Nzioki, mpasuaji, mtoto wa Mbooni. Mikono yake ilikuwa ya ajabu. Mdomo wake ulikuwa wa kufukuza ng'ombe kwa shamba. Alikuwa amekubali dawa za Lin kwa masharti, na Lin mwenyewe ndiye alitaka masharti zaidi: damu ipimwe kwanza, siku za kemo chungu kisiguse moto mpaka wote wawili wakubaliane, na mgonjwa asichanganye na kitu kingine. Hayo masharti yalikuwa mazuri. Shida ni kwamba yalibaki kwa madaktari. Hakuna mtu aliyeyapeleka kwa yule anayepika nyumbani.

Sasa niwaambie kwa nini naandika na hasira.

Tulikuwa na mzee wa Kyuso, Mzee Mbithi, mfanyabiashara wa mbuzi, mtu wa utani. Kansa yake ilipatikana mapema, kwa bahati, na Daktari Nzioki akasema inakatika. Daktari alimuuliza mbele ya wanafunzi, akiwa amesimama, "Mzee, unatumia hizo takataka za kienyeji?" Mzee akasema hapana. Nani angesema ndiyo? Alikuwa anatumia. Kulikuwa na unga unauzwa kwa mikebe yenye maandishi ya Kichina, na aliyemuuzia alimwambia kisu kikigusa kansa inakasirika inatembea mwili mzima, lakini huu unga utaikausha taratibu. Wiki ya kukatwa, kitanda kikapatikana kitupu. Alirudi mahindi yakivunwa. Alikuwa amebebwa na wanawe wawili kama kiti, tumbo limejaa maji, na Daktari Nzioki alimfungua akamfunga. Mzee alinishika leso akaniambia, "Mama Ndinda, si hii pia ilikuwa ya Mchina?" Alikuwa anafikiri amefanya vile tunamwambia. Alikufa akiamini unga wa mkebe na chungu changu ni kitu kimoja.

Hiyo sijasamehe mtu. Sijasamehe muuzaji, na sijasamehe lile swali liliulizwa kama polisi anauliza mwizi.

Ndiyo maana Mwikali alipokuja nilimshikilia kama wangu. Mwikali ni wa Mbumbuni, alikuwa anauza ndengu sokoni, mama wa watoto wadogo, bwana yake fundi wa ujenzi Nairobi. Aliyemleta ni mama mkwe wake, Mama Mutuku, mwanamke wa kanisa, mfupi, mkono wake mgumu kama mwiko. Wamekaa naye kama mama na binti. Mwikali alikatwa sehemu kubwa ya tumbo na kisu kikaenda vizuri. Daktari Nzioki akasema akimaliza dripu zake zote ana nafasi nzuri ya kulea watoto wake. Asipomaliza, hiyo kitu itarudi. Alisema hivyo waziwazi, na kila mtu alisikia, na Mwikali akasema atamaliza.

Dripu ya kwanza alitapika kidogo tu. Nilimbonyeza mkono akaniambia bei ya ndengu ya kila soko kutoka Mbumbuni mpaka mji wa Wote. Daktari Lin akampa pakiti za dawa za kuchemsha nyumbani katikati ya dripu, akamwonyesha vile inafanywa. Mwikali akaelewa. Lakini Mwikali hakuwa ndiye anayepika kwao wakati huo, alikuwa amelala.

Dripu ya pili ilikuwa taabu. Ya tatu damu ilipimwa, wakasema ini limeharibika, haiwezekani, arudi baadaye. Akarudi baadaye, macho ya njano. Arudi tena. Akarudi, na njano imekuwa kama ya kiini cha yai, wakamlaza. Kila siku dripu inaahirishwa, kansa haiahirishi.

Daktari Nzioki akaingia chumbani kwetu, hakusalimia. Akamwambia Lin, "Ni dawa yako."

Lin akasema, "Inawezekana. Tusimamishe."

"Nimeshasimamisha. Hiki chumba kinafungwa leo."

Mimi nilikuwa na mwiko mkononi. Nikauliza, "Na wale wengine wanaokunywa hapa, mbona wao macho ni meupe?"

"Mama, hii si mambo ya jikoni."

Jikoni. Ilianza zamani, mnaona. Wakafunga kufuli, vyungu vyangu ndani. Wagonjwa wa kemo wakarudi kutapikia karai, na wawili hawakuja tena. Daktari Lin hakubishana. Nilimwambia yeye ni mpole mpaka inakera. Akaniambia Nzioki amefanya sawa, hata yeye angefunga, mpaka ijulikane. Lakini wiki zikapita, Mwikali hanywi chochote cha chumba chetu, na macho hayabadiliki. Yakazidi.

Basi siku moja, saa ya kuona wagonjwa, Mama Mutuku akaja. Alikuwa ametoka Mbumbuni kwa boda boda, akabadilisha magari, na mkononi ana chupa kubwa ya chai imefungwa kwa leso. Alikuwa anakuja na hiyo chupa karibu kila siku tangu Mwikali alazwe, siku zingine akilala kwa dada yake hapa mjini. Siku hiyo Daktari Lin alikuwa amesimama kando ya kitanda anamsalimia Mwikali. Mama Mutuku akaushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili.

"Wewe ndiye Mchina wa mwanangu."

"Ndiyo, mwaitu." Lilikuwa neno lake la Kikamba alilolipenda kuliko yote, na alijua vizuri maana yake ni mama yangu.

"Huwa nakukosa. Leo utakunywa supu yangu. Mbuzi ni wangu, sijanunua kwa mtu."

Kwetu hiyo haikataliwi. Lin alijua. Akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa. Mimi nikaona uso wake umesimama pale pale, haukusogea hata kidogo, na nikajua kuna kitu, maana supu nzuri ingemfanya acheke. Akanywa tena kidogo. Akavuta stuli, akakaa.

"Mwaitu, supu ina nguvu. Umeweka nini?"

Mama Mutuku akafurahi. Akaweka pochi chini ahesabu na vidole vizuri. "Kichwa na miguu ya mbuzi. Mizizi ya kwetu ya kusafisha damu, nachimba mwenyewe. Ile yako ya pakiti pia nilikuwa natia, mpaka ikaisha."

"Ya pakiti ni ya maji."

"Aa, dawa ya maji ni ya mtoto. Ya mtu mkubwa inaenda kwa supu, ndiyo iingie kwa mifupa. Hamjui hiyo kwenu?" Akamwonea huruma kidogo. "Na hii ingine ya Kichina, ya mkebe, kijiko kimoja kikubwa. Kimanzi ananiletea mpaka mlangoni, ni kijana wa kwaya yetu."

"Asubuhi ama jioni?"

"Asubuhi na jioni. Kwani huoni vile nimemtunza?"

Mwikali alikuwa amelala anatuangalia na yale macho ya njano.

Sisi Wakamba dawa zetu kubwa huwa tunazitia kwa supu, kila mtu hapa anajua, hata huyo Daktari Nzioki amelelewa na hiyo supu huko Mbooni. Na hakuna mtu hata mmoja kwa hospitali nzima, yenye vyeti kwenye kila ukuta, alikuwa amefikiri kwamba pakiti ikifika kwa mama wa Kikamba itaingia kwa sufuria ya mbuzi pamoja na dawa zingine zote.

Daktari Nzioki alikuwa anapita na wanafunzi wake. Akasikia mkebe. Akaja. "Mwikali, si nilikuuliza? Mbele ya hawa wote, si nilikuuliza?"

Mwikali hakuwa na nguvu ya kukaa, lakini sauti ilitoka sawa. "Uliniuliza kama natumia takataka, daktari. Nikasema hapana. Supu ya mama si takataka."

Wanafunzi wakaangalia viatu.

Mama Mutuku akachukua kikombe kutoka kwa Lin, akachungulia ndani, akauliza polepole, "Ati ni mimi namuua?"

Lin ndiye alisema, "Hapana. Wewe ulipika. Sisi hatukukwambia."

Mama Mutuku alikaa kwa ile benchi ya nje mpaka saa za kuona wagonjwa zikaisha, na chupa yake magotini. Nilikaa naye. Hakulia. Angelia ningekuwa na hasira kidogo kuliko vile niko mpaka leo.

Supu ikakoma, lakini njano si doa la nguo, haitoki kwa siku moja. Na Mwikali akachoka. Siku moja nilikuwa napanguza sakafu kando ya kitanda chake, maana chumba kilikuwa bado kimefungwa, nikaona leso zake zimekunjwa kwa mfuko. Nikauliza ni safari gani.

"Kimanzi anakuja kunichukua. Amesema hapa wanatafuta wa kulaumu, halafu wanizike. Mama Ndinda, kila mtu ana dawa yake na kila dawa inagombana na ingine. Wacha niende nikakae na watoto."

"Ukienda dripu itakuwaje?"

"Dripu gani? Si hata hawanipi."

Nikaenda kumwita Lin, na njiani nikampita Daktari Nzioki nikamwambia na yeye, "Mgonjwa wako anaenda njia ya Mzee Mbithi. Kama una mdomo, leo ndiyo siku yake." Sijui kwa nini hakunifukuza kazi.

Tulienda sote watatu, tukamkuta Kimanzi ameshafika, koti jeupe kuliko la daktari yeyote, viatu vimepigwa rangi. Mama Mutuku alikuwa amesimama kati yake na kitanda. Kimanzi alikuwa ameshika mkebe mpya, mwekundu, wenye maandishi ya dhahabu, na anaeleza wodi nzima kwamba dawa haijashindwa, imekatizwa.

Lin akanyoosha mkono. "Naomba nione."

Kimanzi akampa kwa majivuno. Lin akaugeuza, akasoma juu, akasoma kando. Hiyo siku uso wake ulisogea. "Hii ni chai."

"Ni dawa, daktari."

"Hapa, chai. Hapa, jina la shamba la chai. Tulikunywa hii kambini. Ikiisha tulitupa mkebe kwa shimo, nyuma ya karakana."

Halafu mama mmoja wa kitanda cha dirishani, ambaye alikuwa hajaongea tangu akatwe, akasema, "Hata mimi niko nao nyumbani. Naweka vifungo."

Watu wakacheka, wengine wakishika mishono. Kimanzi akasema dawa za maana huwa zinaandikwa majina ya kuficha. Wakacheka zaidi.

Mama Mutuku hakucheka. Alimwita kwa jina lake na la mama yake. "Kimanzi mwana wa Kanini. Nilikushikia taulo siku ulibatizwa. Ndani umeweka nini?"

"Ni miti, mwaitu."

"Miti gani?"

"Miti ya... ni mchanganyiko."

"Mimi nachimba mizizi yangu, naijua na majani yake na mahali inamea. Nakuuliza miti gani."

Kimanzi akapangusa shingo. "Naletewa kutoka Nairobi ikiwa imesagwa."

"Kwa hivyo hata wewe hujui."

Alitoka na koti lake, na mkebe ukabaki kwa mkono wa Lin. Ulipelekwa kupimwa, na sikuwahi kuambiwa ulikuwa na nini. Kimanzi hakushtakiwa na mtu yeyote. Alihama soko tu.

Mama Mutuku akageuka kwa hao madaktari wawili, mmoja mrefu mmoja mfupi, akiwa amekasirika kama mimi. "Mmeniambia nisipike hii, nisipike ile. Sawa. Sasa niambieni nimpikie nini. Mtoto wangu hawezi kukaa bila kupikiwa."

Nimefanya kazi pale miaka mingi, na hilo swali sikuwa nimesikia mtu akilijibu. Daktari Nzioki akavuta stuli, ile ya Lin, akakaa. Nilidhani amepata kizunguzungu. Akasema kwa Kikamba, kwa sauti ya mtu ako kwao, "Mwaitu, ile supu mama yangu anapikanga, ukitoa mafuta juu na uache mizizi, hiyo itamfaa. Kidogo kidogo, mara nyingi. Na uji wa wimbi usiwe mzito." Lin akaongeza tangawizi kipande, viazi vya kupondwa, na mayai. Mama Mutuku akawauliza maswali mpaka wanafunzi wakachoka kusimama. Mizizi yake alikuja nayo kesho yake, ikiwa na majani, akamwonyesha Daktari Nzioki, na wakakubaliana ingoje mpaka Mwikali amalize. Alingojesha.

Mwikali akafungua mfuko wake mwenyewe, akatoa leso moja akajifunika.

Macho yalirudi meupe polepole, kama nguo inayolowekwa. Dripu zikaanza tena. Chumba chetu kikafunguliwa, vyungu vyangu vimejaa buibui, na tangu siku hiyo hakuna pakiti ilitoka mlangoni kabla mtu anayepika nyumbani hajaitwa, akakaa, akaulizwa. Daktari Nzioki mdomo haukuwa wa asali, lakini alinunua stuli yake. Mwikali alimaliza dripu zote. Ya mwisho alitapikia leso yangu nzuri, nikamwambia hiyo ni deni, akacheka mpaka akatapika tena.

Basi mngedhani imeisha vizuri. Daktari Lin alirudi kwao kutunza mama yake. Daktari Nzioki alistaafu. Wakubwa wapya wakasema chumba hakiko kwenye huduma zao, wakaingiza viti. Mikebe bado inauzwa, siku hizi inauzwa kwa simu, na koti jeupe liko kwenye picha. Na juzi kabla sijatoka nilisikia mmoja wenu, simtaji, amesimama juu ya mzee wa watu akimuuliza, "Hutumii hizo vitu za kienyeji, ama?" Mzee akasema hapana, na wewe ukaandika hapana, ukapita. Hicho kilichokuwa kwa hiyo chupa chini ya kitanda ni nini? Hukuuliza. Kama una haraka, kansa ina haraka kukushinda.

Siku ya kuniaga, keki ilipokatwa, Mwikali akaingia, ambaye siku hizi ananiita Susu, yaani nyanya. Amenenepa mpaka karibu nisimjue. Alikuwa na mtoto wake mkubwa, ambaye sasa anampita urefu, na mkononi chupa ile ile ya Mama Mutuku. Mama Mutuku miguu imekataa safari lakini alikuwa ametuma supu. Yule msichana wa ofisi aliyesoma kwamba mimi ni mpishi akakimbilia kikombe, kwa sababu supu ya mbuzi ilikuwa inanukia kuliko keki.

Nikamwambia ngoja. Nikavuta kiti nikakaa mbele ya Mwikali, chini kumliko, nikamwangalia.

"Mwikali, mama ameweka nini?"

"Mbuzi, chumvi na tangawizi, Susu. Mafuta ametoa. Mizizi hakuweka, amesema leo si ya mgonjwa."

Nikamgeukia yule msichana. "Umesikia vile inaulizwa?"

Akasema amesikia.

"Basi kunywa."